Daftari Chini ya Kiti cha Dereva

Sehemu ya Tisa

Uliangalia pembeni. Usibishe. Wiki iliyopita, Anselmo alipoinama ndani ya lile gari jeupe na kuingiza mkono chini ya kiti cha dereva, wewe ulikunja gazeti ukafungia maandazi. Ukasema hiyo ni ishu ya watu wa Kipawa, haikuhusu. Ndivyo unavyosemaga pia taa nyekundu ikiwaka kwenye dashibodi ya gari lako: itazimika yenyewe.

Haya. Waliokuwepo pale hawakupata nafasi ya kuangalia pembeni.

Tukumbushane harakaharaka, maana kuna waliodandia leo. Ni Jumapili baada ya misa ya kwanza. Uani kwa Mwalimu Bupe, katibu, wamekaa wanachama thelathini na kitu wa Umoja wa Kuzikana, kila mmoja na kiti chake cha plastiki. Mbele yao limeegeshwa Noah la umoja, ambalo kazi yake ni kubeba wafiwa, na kwenye kioo cha nyuma limeandikwa MFARIJI. Mwenyekiti ni Projestus Kamugisha, karani wa ghala mstaafu, mtu aliyejisomea mwenyewe sheria, uchumi na historia ya dhuluma zote tangu enzi za foleni za sukari. Mtaani wanamwita Kumbukumbu. Huyo ndiye aliyesimama akamnyooshea kidole dereva: "Mwizi wa mafuta ya umoja ni huyu!"

Na dereva, Anselmo, miaka sita kwenye usukani ule, alifungua mlango wa gari, akainama, akapeleka mkono chini ya kiti.

"Ana panga!" akapiga kelele mtu wa viti vya nyuma.

Viti vikalala chali. Wanaume wazima wakakumbuka kwamba wana watoto. Projestus, ambaye kwa miaka thelathini amekuwa akiwatangazia watu kuwa yuko tayari kuifia haki, alijikuta amesimama nyuma ya Mwalimu Bupe, mama wa miaka sitini na nane mwenye goti bovu.

Mkono ukatoka chini ya kiti.

Ulikuwa umeshika daftari.

Daftari la shule, lile la kurasa arobaini na nane, jalada limelowa oil, limefungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli.

"Mwenyekiti," akasema Anselmo, kwa sauti ileile anayowaambiaga wafiwa wafunge mikanda, "umeniuliza mafuta yanakwenda wapi. Yako humu."

Projestus akatoka nyuma ya Mwalimu Bupe, akijifanya alikuwa amekwenda huko kutafuta kalamu.

"Kabla ya hilo daftari," akasema, akijaribu kuirudisha sauti mahali pake, "ufunguo!"

Anselmo akamkabidhi ufunguo. Hakuuvuta wala hakuutupa.

"Brightson!"

Akasogea mwanawe, jamaa wa miaka ishirini na saba, leseni mpya, miwani ya jua mipya zaidi. Simu yake ilikuwa inachaji dirishani kwa Mwalimu Bupe.

"Kuanzia leo dereva ni wewe. Wapeleke mama yako na wenzake Pugu kwenye kipaimara, halafu urudi nao kabla ya saa saba."

Kina mama watano wenye vitenge vya sare walikuwa wameshajipanga kwenye siti. Mbele alikaa Demetria, mke wa mwenyekiti, na kapu la ndizi mapajani.

"Mwenyekiti," akasema Anselmo, "naomba nimwambie dogo kitu kimoja kuhusu hilo gari."

"Huna cha kumwambia! Umfundishe nini, wizi?"

"Baba Brightson," akaita Demetria dirishani, "mwache mtu aongee."

"Mama, safari njema!"

Mfariji akatoka getini, kina mama wakianza pambio, Brightson akipiga honi kama anasindikiza bibi harusi.

Hapo weka kidole, msomaji. Nimeshakuonyesha. Usije ukasema hukuambiwa.

*

Projestus akafungua daftari kwa ncha za vidole, kama mtu anayefunua kidonda.

"Limeandikwa jana hili! Angalieni! Wino wote wa bluu!"

"Kalamu za bluu ndizo zinazouzwa dukani, Mwenyekiti," akasema Lulu, muuza chakula wa pale kona, ambaye ada yake hulipa kwa wakati na maneno yake huyatoa kabla ya wakati. "Ulitaka aandike kwa rangi za bendera?"

Watu wakacheka. Projestus akakung'uta daftari. Vikaanguka vikaratasi, vingi, vimebanwa na pini.

"Risiti za mafuta hizo," akasema Anselmo.

Projestus akaokota moja, akaigeuza. Akaokota nyingine. Uso wake ukachanua.

"Ndugu wanachama! Hizi ndizo risiti! Nyeupe pee! Hakuna tarehe, hakuna kiasi, hakuna hata nukta!" Akazipeperusha juu. "Mtu anatuletea karatasi tupu mchana kweupe!"

Ua mzima ukaguna. Mzee mmoja akasema taratibu, jamani, huyu kijana kweli atakuwa alikuwa anatuchezea. Mwingine akataja mwenyekiti wa mtaa. Mwingine akataja polisi. Ukitaka kujua jinsi jina la mtu linavyokufa, usifikiri kunapigwa kelele. Watu wanasogeza viti tu, kidogokidogo, mpaka mtu anabaki amesimama peke yake katikati ya ua.

"Ni jua, Mwenyekiti," akasema Anselmo hatimaye. "Nilikuwa naziweka kwenye dashibodi. Zile karatasi zikipigwa na jua maandishi yanapotea. Ndiyo maana nikaanza kunakili."

"Jua! Limeiba jua!"

Lulu akafungua pochi yake, akachomoa risiti ya mtungi wa gesi, ya tangu Pasaka. Akaiangalia. Akaigeuza.

"Hii nayo nyeupe," akasema. "Na mie sina dashibodi."

*

Sasa unajiuliza: mtu msomi wa kujisomea kama Projestus, kwa nini anachukia daftari namna ile?

Alikuwa na sababu. Mwenyekiti aliyemtangulia, mzee Rwegasira, alikuwa na daftari zuri kuliko yote Kipawa nzima. Mistari ya rula, jumla kwa wino mwekundu, sahihi kila ukurasa. Na pesa ya umoja ikaliwa yote, na kila shilingi iliyoliwa ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wa kupendeza. Projestus ndiye aliyemwangusha. Novemba ya mwaka 2017, Jumamosi, mvua inanyesha, Rwegasira amevaa shati la drafti, la mirabamiraba ya kijani. Projestus bado anakumbuka hata kifungo kilichokosekana.

Siku hiyo akaapa mbele ya wanachama: hakuna tena madaftari. Madaftari ndiyo maficho ya wezi. Kila kitu kitasemwa hadharani na kutunzwa hapa. Akagonga paji la uso. Watu wakampigia makofi. Na mie na wewe tungepiga, tusijidai.

Miaka minane sasa gari la umoja hesabu yake iko kwenye paji la uso la mtu mmoja.

*

Mwalimu Bupe alikuwa amefundisha hesabu darasa la saba kwa miaka thelathini na mbili. Akanyoosha mkono, akachukua daftari, akavaa miwani.

"Tarehe kumi na mbili mwezi wa pili," akasoma. "Kilomita, laki moja themanini na sita elfu na mia nne. Lita kumi. Bei ya lita, elfu mbili mia tisa. Jumla elfu ishirini na tisa."

"Ngoja hapohapo!" Projestus akainua kidole. "Kwa nini ameandika lita? Umoja unanunua lita? Umoja ulipitisha mafuta ya elfu thelathini kwa kila safari!"

"Mwenyekiti," akasema Anselmo, "gari halinywi elfu thelathini. Linakunywa lita."

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi, lakini haikuwa na pa kuishika ili uitupe.

Maana sie tunanunuaje mafuta? Tunafika pampu tunashusha kioo, tunasema weka ya elfu kumi. Kesho weka ya elfu kumi. Mshale unapanda kidogo, unashuka, sie tunaangalia mbele kwa heshima kama watu wanaopita mbele ya mtu anayewadai. Tangi la Mfariji, tangu litoke bandarini, halijawahi kujaa hata siku moja. Lingejaa lingeshtuka.

"Hiyo elfu thelathini tuliipitisha lini?" akauliza Mwalimu Bupe.

Projestus akatabasamu. Hapo ndipo nyumbani kwake.

"Agosti, elfu mbili na ishirini. Hapahapa uani. Hoja niliitoa mie, ikaungwa mkono na marehemu Mukama, alikuwa amekaa kwenye ndoo."

"Lita moja ilikuwa bei gani wakati huo?"

"Elfu moja mia nane na kitu! Haijafika elfu mbili!" Akageukia wanachama, mshipa wa shingo umesimama. "Na leo? Leo inanusa elfu tatu! Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi wanatutangazia bei, na kila Jumatano nyie mnanyamaza! Nani amesema? Mie! Nani ameandika barua kwa mhariri, barua kumi na moja? Mie! Nimewaambia, nikarudia: ile shilingi iliyokuwa inakupa lita kumi na sita, leo haikupi hata lita kumi na..."

Akaishia hapo.

Mdomo ukabaki wazi. Kidole kikabaki juu. Nzi mmoja akapita, akafikiria, akaendelea.

"Malizia, Proje," akasema Mwalimu Bupe kwa upole. "Lita kumi na ngapi? Ulikuwa unahutubia vizuri."

"Na... kitu," akasema Projestus.

Mtu huyu amepiga kelele kuhusu bei ya mafuta kwenye vijiwe vyote, kuanzia Kipawa mpaka Ukonga, kwenye misiba, kwenye foleni ya benki, hadi kwa daktari wa macho. Bei zote alizijua. Jambo alilosahau ni moja tu, kwamba na gari la umoja nalo linanunuaga palepale.

"Na hii safu ya mwisho?" Mwalimu Bupe akaendelea. "Imeandikwa *Kwangu*. Elfu nane, kwangu. Elfu kumi na mbili, kwangu. Elfu tano, kwangu. Nini hii, Anselmo?"

Anselmo akaangalia ndala zake.

"Gari haliwezi kuzimika na wafiwa ndani, Mwalimu. Elfu thelathini zikiisha njiani, naongezea."

"Jumla?"

"Iko ukurasa wa nyuma."

Mwalimu Bupe akageuza. Akasoma kimoyomoyo. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Laki nne na elfu kumi na mbili."

Viti vya plastiki vikaanza kurudi, kidogokidogo, kule vilikotoka.

"Kwa hiyo," akasema Lulu, "mwizi wetu amekuwa akituibia kwa kutuongezea? Jamani, mie naomba aje aibe na kwangu."

*

Mtu mwenye busara angeomba radhi hapo, akaomba maji ya kunywa, mkutano ukaisha. Lakini tunamzungumzia Projestus. Huyu akiwa amekosea ndipo anapopataga nguvu.

"Hata kama!" akafoka. "Hata kama lita ni kumi! Zamani lita kumi zilikuwa zinafika Ukonga na kurudi, mara nne, na chenji inabaki! Sasa mara mbili gari linakohoa! Mafuta yanavuja wapi? Nani katoboa tangi?"

"Plagi, Mwenyekiti," akasema Anselmo. "Na chujio la hewa. Vimechoka. Gari linakula kwa sababu linaumwa."

"Plagi nimebadilisha juzi tu!"

"Juzi lini?" akauliza Mwalimu Bupe.

"Msiba wa Ma Koku!"

Hakuna aliyecheka, kwa sababu wote ndivyo wanavyohesabu. Kwa watu wa umoja ule tairi za mbele ni msiba wa Baba Jovin, betri ni msiba wa pacha wa Majumba Sita. Na lilikuwepo jambo jingine, ambalo lazima nikuambie hata kama linatutia aibu sote. Mwaka fulani fundi alilihudumia Mfariji siku ya Ijumaa, akamwaga oil, akakaza kila kitu, akaliosha likang'aa. Jumamosi alfajiri akafa mzee mmoja aliyekuwa mzima kabisa. Maneno yakazunguka: gari limeitiwa mtu. Kuliandaa gari la msiba wakati hakuna msiba ni uchuro.

Na Projestus, yeye anayewahutubia watu kila siku waache ushirikina, wasome vitabu, wafungue macho? Akatafuta amani ya umoja. Akatoa tamko: kuanzia sasa gari halitaguswa na fundi mpaka mtu afe kwanza.

Lulu alipiga makofi siku ile. Anselmo hakupiga.

"Lete kitabu cha marehemu," akasema Mwalimu Bupe.

Kikaletwa, jua likiwa limeshakaribia utosini. Umoja ulikuwa na kitabu kimoja tu kilichoruhusiwa na Projestus, cha majina ya waliozikwa na tarehe zao, kwa kuwa marehemu hawaibi. Bupe akapitisha kidole.

"Ma Koku. Juni, elfu mbili na ishirini na mbili. Hiyo ndiyo juzi yako, Proje."

"Miaka inakimbia," akasema Projestus.

"Oil mlimwaga lini mara ya mwisho?"

"Msiba wa Mukama. Yeye ndiye wa mwisho kututoka."

"Miezi kumi na minne iliyopita. Tangu hapo hajafa mtu."

"Mungu ashukuriwe," wakaitikia wote kwa pamoja.

"Mungu ashukuriwe," akarudia Mwalimu Bupe, "lakini gari halikukaa likimshukuru. Limekwenda harusi sita. Vipaimara. Limebeba saruji ya mtu hapa ambaye simtaji, na jina lake linaanza na P. Kwa daftari la Anselmo, kilomita elfu kumi na mbili kwenye oil ileile."

Yule aliyetaja polisi akakohoa. Sasa alikuwa hamtazami Anselmo.

"Na breki?" akauliza Lulu.

Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza kama chai imebaki.

"Breki," akasema Projestus, na sauti yake ilikuwa imepungua, "breki ilikuwa msiba wa mzee Kaijage."

Mwalimu Bupe akafungua kurasa kurudi nyuma. Ukurasa. Ukurasa. Mwingine. Akafika mwanzo wa kitabu, akakifunga.

"Kaijage hayumo humu," akasema. "Kaijage yuko kwenye kitabu cha zamani, cha enzi za Rwegasira."

*

Projestus akavuta kiti, akakaa.

Akakumbuka. Si unajua kumbukumbu yake? Alikumbuka siku, saa, na harufu ya grisi. Duka la spea la Zohra binti Abdulhussein, mwaka jana. Zohra, ambaye baba yake aliuza spea kabla yake na babu yake kabla ya hapo, alimwonyesha pedi ya breki iliyovuliwa na fundi kuangaliwa. "Mzee Kamugisha, shikamoo yako nimeshakupa, sasa nisikilize. Hii imebaki kama karatasi. Na mafuta ya breki yanavuja. Nakupa kwa bei ya kununulia, hii ni gari ya msiba." Naye akamjibu, kwa sauti, ili wateja wengine wasikie: "Binti, mie nimeanza kudanganywa kabla hujazaliwa."

Wateja walicheka. Alirudi nyumbani akijipongeza njia nzima.

"Mwalimu," akasema Anselmo. Alikuwa amesogea mpaka mezani. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Saa ngapi sasa?"

"Inakaribia saa sita. Karibu watarudi."

"Wanarudi kupitia wapi?"

"Pugu si ni njia moja? Wanashuka mlima."

"Kuna mtu yeyote aliyemwambia Brightson kuhusu kukanyaga mara tatu?"

"Kukanyaga nini mara tatu?" akauliza Projestus.

Anselmo akachukua daftari mkononi mwa Bupe, akafungua katikati, akaliweka mezani mbele ya mwenyekiti. Pembezoni mwa ukurasa, kwa mwandiko mdogo uliobanana, kulikuwa na mistari minne yenye tarehe nne tofauti.

*Nimemwambia M/kiti breki inazama. Kasema uchuro.*

*Nimemwambia M/kiti breki. Kasema tusubiri.*

*Breki: unakanyaga mara tatu ndipo inashika. Nimemwambia M/kiti. Kaniuliza nalipwa na fundi gani.*

*Nimemwambia.*

"Miezi mitano naliendesha hivyo," akasema Anselmo. "Naujua mguu wake. Nikikaribia mlima naanza kupampu tangu juu. Dogo hajui. Ndicho kitu kimoja nilichotaka kumwambia."

Kutoka dirishani, simu ya Brightson ikapiga mlio wa kujaa chaji.

Projestus akatoa simu yake. Akatafuta jina. Demetria. Ikaita. Ikaita. Simu ile sauti yake husikika ua mzima.

"Haloo, Baba Brightson!" Pambio nyuma yake, makofi, upepo wa dirishani. "Tumemaliza mapema, ndio tunaanza kushuka. Mkutano vipi? Umemwomba radhi yule mtu?"

"Mama! Mwambie Brightson asimamishe gari!"

"Eeh?"

"Asimamishe!"

Wakasikia akisema, mwanangu, baba yako anasema simama. Wakasikia pambio likiendelea. Kisha wakasikia sauti ya Brightson, na haikuwa na miwani tena: "Mama, hii breki mbona laini?"

Pambio likakatika katikati ya neno.

Projestus akamnyooshea Anselmo simu kwa mikono miwili, jinsi watu wa kwao wanavyompa mtu kitu wanachokiheshimu. Anselmo akaipokea.

"Mama Brightson, ni mie Anselmo. Yule mwizi."

"Si mwizi!" Projestus akalia kwa sauti ambayo hata majirani wa ukuta wa pili waliisikia. "Mwambie si mwizi! Wanachama mnasikia? Huyu si mwizi! Mie ndiye, mie nilimnyang'anya..."

"Mwenyekiti, nyamaza," akasema Anselmo. "Nasikiliza injini."

Akanyamaza. Mara ya kwanza kwenye historia ya Umoja.

"Mama, weka sauti kubwa. Brightson, unanisikia? Usizime gari. Nimesema usizime. Vuta gia iende chini, kwenye L. Umeweka?"

"Nimeweka, anko! Linaunguruma!"

"Acha liungurume. Sasa breki usikanyage ukashikilia. Kanyaga, achia. Kanyaga, achia. Kanyaga. Hesabu kwa sauti, nikusikie."

"Moja... mbili... Anko, kuna lori la mchanga mbele!"

"Usiangalie lori. Angalia bega la barabara, kushoto. Endelea kuhesabu. Mkono wako uko kwenye breki ya mkono?"

"Uko!"

"Usiivute yote. Ivute taratibu, kidogo, halafu..."

Tii.

Simu ikakatika.

Anselmo akaiondoa sikioni, akaitazama. Kisha akamtazama Projestus. Kioo kilikuwa na ujumbe mmoja, mfupi, wenye adabu: kifurushi chake cha dakika kimekwisha.

Asubuhi ile, kabla ya misa, Projestus alikuwa amenunua dakika za mia tano. Kama mafuta. Kidogokidogo.

"Nani ana dakika?" akapiga kelele. "Jamani, nani ana dakika?"

Watu thelathini wakaingiza mikono mifukoni. Lulu akawa wa kwanza kupiga. Ikaita. Akainua mkono, watu wakanyamaza. Ikaita mpaka ikaisha. Akapiga tena. Anselmo alikuwa ameshafika getini anasimamisha bodaboda.

Mwalimu Bupe akasukuma daftari mezani mpaka likagusa tumbo la mwenyekiti. Akaweka kalamu juu yake.

"Andika," akasema.

"Niandike nini, Bupe?" Machozi yalikuwa yanamshuka bila ruhusa yake.

"Saa. Andika simu imekatika saa ngapi. Halafu andika jina la aliyekuwa amekuambia."

Projestus Kamugisha, mtu asiyesahau, akaishika kalamu kama anayeiona leo. Akaandika: *Saa sita kasoro dakika nane.* Akaandika: *Anselmo.* Kwenye simu ya Lulu, kwa mara ya tatu, ikaanza kuita.

Na wewe je? Nakuona umeshaanza kulikunja gazeti. Acha maandazi. Gari lako liko hapo nje, chini ya lile turubai, na wewe huna habari lilimwagwa oil lini. Unasema juzi. Juzi ya msiba gani? Inuka sasa hivi, na gazeti mkononi. Fungua mlango, ukanyage breki kabla hujawasha, ikizama, usiliwashe. Soma kilomita, uziandike pembeni mwa ukurasa huu pamoja na tarehe ya leo. Halafu mtafute yule aliyewahi kukuambia kitu kuhusu gari hilo na wewe ukamuuliza analipwa na fundi gani. Mpigie leo, kabla hujaambiwa na mlima.

Na uweke dakika za kutosha.